Koroma na Kitale: Kipi Hutangulia Chini?

Ijumaa moja baada ya sala tulikuwa tumekaa shambani kwa jamaa yetu mmoja, upande wa Mtwapa, watu sita au saba chini ya mwembe, tukimngoja mkwezi atuangushie madafu. Kati yetu alikuwako maalim wangu wa chuoni, aliyenisomesha tangu alifu na bee hata nikahitimu, mzee ambaye hadi hivi leo nikimwona hukikumbuka kikoto chake, japo nami nimeshaota mvi. Alikuja na mjukuu wake, kijana wa kidato cha tatu, mpole, asiyependa kusema sana mbele ya wakubwa.

Mkwezi akaangusha koroma, likapiga chini kwa kishindo hata kuku wakatawanyika. Maalim akacheka, akasema, "Kizito kina haraka ya kurudi kwao. Kingekuwa kitale kingekuja taratibu."

Yule kijana akainamisha kichwa. Kisha akasema, "Babu, niwie radhi. Shuleni twafunzwa ya kwamba vyote viwili huanguka sawasawa."

Pakawa kimya. Mmoja wetu akamkemea, "Wamkosoa babuyo mbele za watu?" Lakini Maalim akainua mkono kumnyamaza, akamwita mkwezi, akamwambia ashike koroma mkono huu na kitale mkono huu, kisha aviachilie pamoja bila ya kuvisukuma. Mkwezi akajikaza kwa miguu baina ya makuti, akaviachilia. Tukasikia kishindo kimoja. Si viwili vyenye kufuatana, kimoja. Maalim akataka irudiwe, ikarudiwa mara tatu, na mara ya tatu akafumba macho asikilize tu.

Halafu akanigeukia mimi. "Wewe mwandishi wa magazeti," akasema, "niambie ni nani aliyelijua jambo hili kwanza, na alilijuaje. Lakini nataka jibu la mizani. Usinambie yote ni ya Wazungu, wala usinambie yote ni yetu."

Msomaji mpenzi, makala haya ni jibu langu kwa Maalim. Limenichukua miezi, na mahali pamoja limenilazimu nijikosoe mwenyewe hadharani.

Kwanza ijulikane kwamba Maalim, bila ya kupata kufungua kitabu chake hata kimoja, alisema maneno yale yale ya Aristotle, ambaye vitabu vya Kiarabu humwita Aristatalis, na wanazuoni wetu wa zamani wakampa cheo cha Mwalimu wa Kwanza. Bwana huyo, aliyefariki mwaka wa 322 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alifundisha kwamba kila kitu kina mahali pake pa asili. Jiwe asili yake chini, moto asili yake juu, na kila kitu hukimbilia kwao. Na kwa kadiri ya uzito wake ndivyo kitu kinavyokimbia: chenye uzito mara kumi kitakwenda mbio mara kumi. Ni rahisi kumcheka leo, lakini macho yetu humuunga mkono kila siku. Unyoya huelea, jiwe huporomoka. Jani la mkungu huja likijizungusha, embe huja kama limetumwa.

Katika watu wa mwanzo walioandika kwamba maneno haya si kweli alikuwako mkaazi mmoja wa Iskandaria katika karne ya 6, kabla ya kuja Uislamu, Mkristo aliyesomesha falsafa, jina lake John Philoponus. Waarabu walimjua kwa jina la Yahya An-Nahwi, yaani Yahya bingwa wa nahau. Yeye alisema kwamba ukiviangusha kutoka kimo kimoja vitu viwili, kimoja kizito mara nyingi kuliko mwenziwe, utaona tofauti ya wakati ni ndogo mno, haifanani kabisa na tofauti ya uzito. (Kuna hadithi ipendwayo kwamba Yahya huyu alizungumza na Amr bin Al-As ilipofunguliwa Iskandaria mwaka wa 642. Haiwezi kuwa, kwani wakati huo alikuwa amekwisha kufa zaidi ya nusu karne. Naitaja kwa sababu hadithi tamu za namna hii tutakutana nazo tena mbele.)

Vitabu vya Yahya viliingia katika Kiarabu, na mjadala ukaendelea Bukhara, Hamadan na Baghdad. Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka wa 980 akafariki 1037, aliandika katika kitabu chake kikubwa cha Ash-Shifa kwamba kitu kinachotupwa hupewa na mtupaji kile alichokiita "mayl", yaani kuelemea upande, na kwamba lau kingekwenda katika utupu usio na hewa wala kizuizi, kuelemea kule kusingekoma. Baadaye katika karne ya 12 akatokea Abul-Barakat Al-Baghdadi, tabibu aliyezaliwa Myahudi akasilimu uzeeni. Katika kitabu chake cha Al-Mu'tabar alijaribu kueleza kwa nini kitu kinachoanguka huzidi kasi kadiri kinavyoshuka. Alisema kwamba uzito hauachi kukipa kitu mayl, mpya juu ya ile ya kwanza, muda wote kinaposhuka, mfano wa mtoto katika pembea asukumwaye tena kabla ya kutulia. Huo mfano wa pembea ni wangu, lakini wazo ni lake, na wazo lenyewe halikuwa mbali na kweli.

Hata hivyo sharti tuseme wazi: hayo yote yalikuwa maneno. Hakuna kati yao aliyetuachia tarakimu, kwamba kitu huanguka dhiraa ngapi kwa wakati gani.

MIZANI YA HEKIMA

Aliyepima kwelikweli upande wetu alipima uzito, si mwanguko. Naye habari zake ni za kupendeza hata siwezi kuzipita mbio.

Katika mji wa Marw, ambao leo magofu yake yako katika nchi ya Turkmenistan, alikuwako mtumwa kijana wa asili ya Kirumi, yaani Mgiriki wa dola ya Bizanti. Bwana wake alimtia katika masomo ya hesabu na falsafa, kisha akampa uhuru, naye akajulikana kwa jina la Abdur-Rahman Al-Khazini. Inasimuliwa kwamba Sultani Sanjar wa Waseljuki alimpelekea dinari elfu moja akazirudisha, akisema chakula chake cha mwaka mzima hakimgharimu ila dinari tatu. Mwaka wa 515 wa Hijra, ambao ni sawa na 1121, alitunga kwa ajili ya hazina ya sultani huyo kitabu alichokiita Mizan al-Hikma, Mizani ya Hekima.

Kisa cha kitabu ni udanganyifu wa dhahabu. Mtu akiuleta mkufu au taji, sonara atajuaje kama ndani yake imechanganywa fedha, bila ya kuliyeyusha? Al-Khazini alifuata njia ya Archimedes na ya Al-Biruni, ambaye karibu miaka mia moja kabla yake alikuwa amepima madini na vito kwa chombo chenye mdomo wa pembeni, cha kumwagia maji yanayosukumwa na kitu kikitiwa ndani. Mizani ya Al-Khazini ilikuwa na mtange mrefu wa dhiraa nne na vitanga vitano, na kimoja cha vitanga hivyo kilizamishwa majini. Dhahabu hupungua uzito kidogo ikiwa majini, fedha hupungua zaidi, na aliyechanganya huumbuliwa na maji matupu. Walipata kwamba dhahabu ni nzito kiasi cha mara 19 ya maji. Hesabu ya leo ni 19.3. Kwa mafundi wasio na kioo cha kukuzia wala umeme, si haba.

Ndani ya kitabu hicho kuna jambo jingine. Al-Khazini alisema hewa nayo huvibeba vitu kidogo kama maji yavibebavyo, kwa hiyo uzito wa kitu si mmoja katika hewa nzito na katika hewa nyepesi. Akasema pia kwamba uzito hubadilika kwa kadiri ya umbali wa kitu na kitovu cha ulimwengu. Hapa ndipo wengi katika sisi hurukia na kupiga vigelegele: ati Al-Khazini alimtangulia Newton! Lakini ukimsoma vizuri utaona yeye alidhani uzito huzidi kwa kadiri kitu kilivyo mbali na kitovu, ilhali sisi tulio juu ya ardhi tukipanda angani uzito wetu hupungua. Kwamba uzito haukai namna moja kila mahali, hapo aligusa jambo kubwa. Namna ya kubadilika kwake hakuipata. Tumpe lake, tusimpe la mwingine; na mtu aliyerudisha dinari elfu sidhani angependa kuongezewa asichokichuma.

Kitabu hicho kilisahauliwa muda mrefu, mpaka balozi wa Urusi huko Tabriz, Khanikoff, alipopata nakala yake na sehemu zake zikachapishwa Marekani karibu na mwaka wa 1860.

Na sasa nije kwenye kosa langu. Miaka mingi iliyopita, katika kikao kimoja cha mwezi wa Ramadhani, nilisimama nikawaambia watu kwamba timazi ya saa, ile inayobembea, ilivumbuliwa na Ibn Yunus wa Misri, mnajimu aliyefariki mwaka wa 1009, na kwamba Wazungu waliichukua kwake. Watu walifurahi mno. Nilikuwa nimeisoma katika kitabu, na kitabu kile kilikuwa kimeipata katika kitabu kingine. Baadaye nikaja kujua kwamba chanzo chake ni barua ya Edward Bernard, mwanachuoni wa Oxford, ya mwaka wa 1684, iliyodai kwamba wanajimu wa Kiarabu walipima wakati kwa timazi. Walioifuata wakalibandika jina la Ibn Yunus. Mwaka wa 1979 David King, aliyetumia miaka kusoma hati za Kiarabu za elimu ya nyota, aliufuatilia uvumi huu hatua kwa hatua na kuonyesha kwamba hauna asili. Ibn Yunus ana utukufu wake katika hesabu za jua na mwezi, hauhitaji timazi ya kuazima. Basi waliokuwako siku ile, na wasamehe.

KISHINDO KIMOJA HUKO DELFT

Tuvuke bahari. Mwaka wa 1586 mhandisi mmoja aitwaye Simon Stevin alichapisha kitabu cha elimu ya kupima uzito kwa lugha ya Kiholanzi. Humo alieleza kwamba yeye na rafiki yake Jan Cornets de Groot, huko mjini Delft, walitwaa mipira miwili ya risasi, mmoja mzito mara kumi kuliko wa pili, wakaiangusha pamoja kutoka kimo cha futi 30 juu ya ubao. Walichosikia ni sauti moja. Niliposoma hayo nilimkumbuka Maalim na macho yake yaliyofumbwa. Kwani masikio katika jambo hili ni hodari kuliko macho. Jicho hudanganywa na kasi, lakini vishindo viwili vikiachana hata chembe, sikio huvitenga.

Wengi wamesikia kwamba ni Galileo aliyefanya hivyo, juu ya mnara ulioinama wa Pisa, mbele ya wanachuo na walimu. Galileo alisomesha Pisa kuanzia mwaka wa 1589 hadi 1592. Lakini yeye mwenyewe hakukiandika kisa hicho po pote. Kimetoka kwa mwanafunzi wake Viviani, aliyekiandika mwaka wa 1654, mwalimu wake akiwa amekwisha kufa miaka kumi na miwili. Huenda kilitokea, huenda hakikutokea. Wazungu nao wana Ibn Yunus wao.

Lakini asidhani mtu kwamba namshusha Galileo. Kazi yake iliyo kubwa haikuwa ya mnara. Kwanza alitoa hoja ambayo yataka akili tu. Na iwe hivi kwa mfano wetu: funga koroma na kitale kwa kamba moja. Ikiwa kizito hutangulia, basi kitale kitakuwa kikilivuta koroma nyuma, na viwili vitashuka polepole kuliko koroma peke yake. Lakini viwili vilivyofungwa pamoja ni vizito zaidi ya koroma, basi vingepaswa kwenda mbio zaidi. Haviwezi kwenda polepole zaidi na mbio zaidi kwa wakati mmoja! Nilipomwonyesha Maalim hoja hii alisema, "Huyo angefaulu katika mantiki."

Pili, alitaka kujua kasi huzidi kwa kanuni gani. Kitu kinachoanguka wima hukimbia mno, na zama zake hapakuwa na saa ya kukifuata. Basi akaipunguza kasi kwa hila. Alitwaa ubao wa dhiraa 12, akauchonga mfereji wa upana wa kidole hivi, akaulainisha na kuubandika ngozi laini, akauinamisha kidogo, akauteremshia mpira wa shaba. Wakati aliupima kwa maji: chombo kikubwa kilicho juu, kijibomba chembamba chini yake, na maji yaliyotiririka muda wa mpira kuteremka akayakinga katika kikombe na kuyapima kwa mizani nyeti. Kwa hiyo wakati wenyewe uliwekwa juu ya kitanga cha mizani. Anasema alirudia mara mia.

Akakuta kwamba ukiugawa wakati katika vipande vilivyo sawa, katika kipande cha kwanza mpira huenda hatua 1, cha pili hatua 3, cha tatu hatua 5, cha nne hatua 7. Nambari za witri, zimefuatana kama shanga. Na ukizijumlisha toka mwanzo hupata 1, 4, 9, 16, yaani kila wakati mara wakati wenyewe. Na mpira ukiwa mzito au mwepesi, kanuni ni hiyo hiyo.

Sisi watungaji tuna mizani zetu, nane kwa nane, na ye yote aliyezoea kuimba shairi hujua sikio linavyokataa mizani moja ikizidi. Kwa hiyo nilifurahi kusoma kwamba babake Galileo, Vincenzo, alikuwa mpiga luti, ambayo ni nduguye udi wetu na jina lake limetoka katika Kiarabu, al-ud. Mtaalamu mmoja wa karne iliyopita, Stillman Drake, alishikilia kwamba mwanzoni Galileo alipima kwa wimbo: alifunga nyuzi juu ya ule ubao, mpira ukigonga kila uzi, akazisogeza mpaka ugongaji ukalingana na mapigo. Si wote wanaokubali. Mimi, kwa kazi yangu, sioni ajabu.

Galileo aliyachapisha hayo mwaka wa 1638, huko Leiden, akiwa mzee kipofu aliyezuiliwa nyumbani kwake, kwani mwaka wa 1633 alihukumiwa Roma kwa kusema kwamba ardhi huzunguka jua.

PADRI ALIYEMPIMA ADUI YAKE

Lakini katika kisa chote hiki mtu aliyenikaa moyoni si Galileo. Ni padri wa Kijesuiti wa mji wa Bologna, Giovanni Battista Riccioli. Huyu alikuwa upande wa waliompinga Galileo. Aliamini, na akakusanya hoja kwa makumi, kwamba ardhi imetulia. Tena alikuwa na sababu ya kumshuku Galileo katika mwanguko, maana katika kitabu chake cha mwaka wa 1632 Galileo alidai mpira wa chuma huanguka dhiraa 100 kwa sekunde 5, na hesabu hiyo si sawa. Muda wa kweli haufiki sekunde 4. Kanuni aliipata, tarakimu ilimponyoka. Padri Mersenne wa Ufaransa alikuwa amekwisha kuigundua kasoro hiyo.

Basi Riccioli akasema: na tupime. Alianza na timazi, yaani uzito ulioning'inizwa kwa uzi mfano wa ile ya mwashi, ikiachwa ibembee. Ili ajue kila pigo ni wakati gani, alikaa na wenziwe kuhesabu mapigo mchana na usiku, saa 24, kutoka nyota fulani kupita hata ilipopita tena. Timazi ya sekunde kamili ingepiga mara 86,400. Yao ilipiga karibu 87,000. Mapadri tisa walipokezana zamu, mmoja akichoka mwingine anashika, bila ya kuacha hata pigo moja. Aliyewahi kukesha katika uradi na tasbihi mkononi ataijua kazi hiyo.

Kisha, katika miaka ya 1640, yeye na mwenziwe Grimaldi wakapanda mnara wa Asinelli, ambao ungali umesimama Bologna hadi leo, kimo chake karibu mita 97. Walikuwa na timazi ndogo, fupi kuliko kidole, yenye kupiga mara sita kwa sekunde. Huyu juu huangusha mpira, yule chini huhesabu. Na matokeo yakawa haya: kwa mapigo 5 mpira ulianguka futi 10, kwa mapigo 10 futi 40, kwa 15 futi 90, kwa 20 futi 160, kwa 25 futi 250. Msomaji na atoe mwenyewe, kila moja katika inayofuata: 10, 30, 50, 70, 90. Ni zile zile witri za Galileo.

Angeweza kuificha karatasi. Angeweza kusema upepo ulivuma. Badala yake yeye na Grimaldi walikwenda kwa Cavalieri, profesa wa hesabu wa mji ule ule na mwanafunzi wa Galileo, wakampa habari kwamba mwalimu wake alisema kweli. Halafu akaichapisha yote mwaka wa 1651, tarakimu kwa tarakimu, katika kitabu alichokiita Almagestum Novum, jina lililotokana na Al-Majisti, kama Waarabu walivyokiita kitabu cha Batlamiusi.

Wala hakumpaka mafuta. Aliangusha pia mipira ya udongo iliyolingana ukubwa lakini mmoja mzito na mwingine umetobolewa ndani, akaona mzito hutangulia kidogo, akaliandika na hilo. Sababu ni hewa, ambayo humzuia mwepesi zaidi. Kwa hiyo Maalim hakukosea moja kwa moja. Mkwezi wetu angalikuwa juu ya mnara wa Asinelli, huenda tungalisikia vishindo viwili.

Tangu hapo mambo yalikwenda mbio. Huygens wa Uholanzi alitengeneza saa ya timazi mwaka wa 1656, na mwaka wa 1659 akaitumia timazi yenyewe kupimia nguvu ya mvutano, bila ya kuangusha kitu: urefu wa uzi na muda wa pigo vyatosha. Alipata kwamba katika sekunde ya kwanza kitu huanguka kiasi cha mita 4.9, jibu ambalo hata leo halina la kusahihishwa ila kidogo.

Kisha likatokea jambo linalotuhusu sisi wa pwani hii. Mwaka wa 1672 Wafaransa walimpeleka Jean Richer kisiwa cha Cayenne, Amerika ya Kusini, kutazama nyota. Saa yake iliyokwenda sawasawa Paris, kufika kule ikachelewa karibu dakika mbili na nusu kila siku. Ilimlazimu aifupishe timazi kwa kama milimita tatu. Watu wakadhani ni joto limerefusha chuma. Newton, katika kitabu chake cha mwaka wa 1687, alisema joto peke yake halitoshi: ardhi inapojizungusha hufura kiunoni, penye ikweta, kwa hiyo wakaao huko wako mbali zaidi na kitovu, na mzunguko wenyewe huwapunguzia uzito. Cayenne iko kiasi cha digrii 5 kaskazini ya ikweta. Mombasa iko digrii 4 kusini. Kwa hiyo saa ya timazi iliyorekebishwa Paris, ukiitundika ukutani Mombasa, itachelewa dakika mbili hivi kila siku, hata fundi wa saa afanye nini, mpaka aipandishe timazi.

Na hapa mwenye duka ana fumbo lake. Mizani ya springi iliyosawazishwa Paris, ukiitundikia kilo moja ya tende hapa kwetu, itaonyesha pungufu ya gramu tatu. Lakini mizani ya vitanga viwili haitajua lo lote, maana mvutano hupungua kwa tende na kwa jiwe la kilo kwa pamoja. Mizani ya kina Al-Khazini, ya mtange na vitanga, ndiyo isiyobadilika neno lake kutoka mji hadi mji.

Timazi zenyewe zilifika Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1899 na 1900 Mjerumani Kohlschütter alizipitisha katika nchi ambayo leo ni Tanzania bara, na mwaka wa 1933 hadi 1934 Mwingereza Edward Bullard akaja nazo kupima mvutano katika Bonde la Ufa, ili ajue chini ya bonde kuna nini. Hapakuwa na haja ya kuchimba. Wao walihesabu mapigo.

Jibu hili nilimsomea Maalim barazani kwake baada ya Alasiri, na ilichukua mpaka karibu na Magharibi. Mwisho wake nilimtolea habari ya tarehe 2 Agosti 1971, pale mwanaanga David Scott, akiwa amesimama juu ya mwezi, alipoachilia kwa pamoja nyundo ya kilo moja na ziada na unyoya mmoja wa kozi. Mwezini hakuna hewa, na vyote viwili vikagusa vumbi kwa pamoja. Nilidhani hilo ndilo litakalomstaajabisha.

Hakulijali sana. Aliuliza, "Yule padri, alipoona mshindani wake amesema kweli, alikwenda kwa miguu yake kumwambia mwanafunzi wake?"

Nikamwambia, ndivyo ilivyoandikwa.

Akanyamaza kitambo. Kisha akamwita mjukuu wake, akamkalisha karibu yake juu ya mkeka, akamwambia, "Ijumaa mwambie mkwezi atuwekee koroma na kuti kavu. Na wewe njoo na saa yako. Huo upepo nataka kuuona kazi yake."